Nyumba Zenye Dohani

Nilianzia Sigi kwa makusudi. Anayekwenda Lushoto hana sababu ya kupita Sigi. Hiyo ni Usambara Mashariki, njia ya Muheza, na kati yake na Usambara Magharibi limelala bonde zima la Lwengera. Lakini safari yangu ilikuwa ya kufuata nyumba. Nilitaka kuona kwanza nyumba iliyookolewa, macho yapate kipimo, ndipo nipande kwenda kuzitazama zile zinazosubiri.

Sigi iko chini ya Amani, mahali ambapo msitu unakaribia kuifunika barabara. Hapo ndipo ilipofika reli ndogo ya zama za Wajerumani, iliyochepuka Tengeni kutoka njia kuu ya Tanga ikaingia milimani kufuata mbao. Reli iling'olewa zamani. Ilibaki nyumba ya mkuu wa stesheni, na nyumba ya mkuu wa stesheni isiyokuwa na treni ni rahisi kuachiwa mchwa. Haikuachiwa. Ilikarabatiwa, ikafanywa kituo cha habari cha Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1997. Leo mgeni akifika anaingia humo, anasoma habari za msitu na za dawa za miti shamba, anaonyeshwa njia za kutembea, kisha anaendelea na safari yake ya mlimani.

Nilikaa pale barazani asubuhi nzima. Kundi la wanafunzi lilikuja na mwalimu wao, likaingia na kelele likatoka na kelele zaidi. Kijana mmoja wa kuongoza wageni alikuwa ameegemea nguzo, anasubiri zamu yake. Mama mmoja alipita na mtungi wa maziwa, akasalimia kwa jumla, akaendelea. Nilipomuuliza yule kijana nyumba ni ya nani, alijibu bila kufikiri, "Ni yetu, kaka. Ni ofisi yetu hapa." Jibu hilo lilinifurahisha kuliko maandishi yote yaliyobandikwa ukutani. Nyumba imepata kazi, na mwenye kazi hasahauliki.

Nikapanda Amani, ambako Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti wa kilimo na mimea mwaka 1902. Waingereza waliirithi, baadaye ukaja utafiti wa malaria, na baada ya uhuru ikawa chini ya taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Nyumba za watafiti zimetawanyika vilimani, kila moja na mti wake na mtazamo wake. Amani inastahili makala yake peke yake. Mimi nilikuwa na haraka ya Lushoto.

Kabla sijafika huko, niseme jambo la sheria, maana ndilo lililonifanya nifunge safari. Sheria yetu ya Mambo ya Kale, ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya hapo halina ulinzi mpaka Waziri alitangaze katika Gazeti la Serikali. Sasa pima mwenyewe. Boma la Kale la Dar es Salaam, ambalo kila mtu wa mjini anajua ni la zamani, lilijengwa miaka ya 1860 ikielekea ukingoni, enzi za Sultani Majid. Nalo limeuvuka mstari huo kwa miaka michache. Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893, ikafika Korogwe 1902 na Mombo 1905. Nyumba za mawe na matofali za Lushoto zilifuata nyayo za reli hiyo. Hakuna hata moja inayoukaribia mwaka 1863. Sheria hiyohiyo inalinda mlango wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1940. Kwa hiyo mlango unaweza kuwa mali ya taifa, na ukuta uliouzunguka mlango huo ukavunjwa Jumatatu asubuhi bila mtu kuulizwa.

Kosta ya kutoka Mombo ilijaa magunia matupu na makreti ya plastiki yaliyokuwa yakirudi kutoka sokoni Dar. Barabara ile ya kupanda kama kilomita 33 nimeipita mara nyingi na bado hainichoshi: joto la mkonge linabaki chini, kwenye maporomoko ya Soni unafunga dirisha, na ukifika Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya bahari, unatafuta sweta. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmsthal, kwa jina la mfalme wao Wilhelm wa Pili. Waliupenda kwa sababu ya baridi yake. Na baridi hiyo ndiyo iliyozichora nyumba.

Mtu aliyezoea nyumba za pwani akitazama nyumba kongwe za Lushoto anaona mambo yamepinduliwa. Pwani nyumba inakimbia jua, hapa inalitafuta. Paa limesimama wima, maji ya masika yateremke upesi. Vyumba vya kulala vimeelekezwa mashariki vipate jua la kwanza. Na juu ya paa kuna dohani, moja au mbili, za matofali, zikitoka kwenye meko ya sebuleni. Hizi ni miongoni mwa nyumba za kwanza milimani humu kuchorwa kwenye karatasi kabla jiwe la msingi halijawekwa. Kuna aliyekaa akafikiri upepo utatoka wapi na unyevu utapanda vipi. Fikra hizo bado zinasomeka ukutani kwa anayejua kusoma.

Mimi nilipata wa kunisomea. Nilielekezwa kwake na muuza peasi wa sokoni: fundi mzee, mwashi, aliyetumia ujana wake kukarabati nyumba za aina hii, za misheni na za serikali. Nilimkuta anapasua kuni nyuma ya nyumba yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Onga maundo."

Nikaitikia kwa Kisambaa nilichonacho. Akacheka, akaweka shoka chini. Nilipomweleza nilichokuja kutafuta, hakuuliza kwa nini. Aliingia ndani akatoka na kofia, fimbo na timazi, uzi umezungushwa vizuri kwenye kipande cha mti. "Twende," akasema, "jua halijakuwa kali."

Nyumba aliyonipeleka iko juu kidogo ya barabara ya kwenda Magamba, nyuma ya miti ya mikaratusi. Anaishi humo mtumishi mmoja na familia yake, na walitukaribisha vizuri; sitataja zaidi, maana ni nyumba ya watu. Ukuta wa chini ni wa mawe hadi usawa wa kiuno. Juu yake matofali ya kuchoma, yaliyopakwa lipu ya chokaa. Mabati ya paa yamebadilika rangi yakawa kahawia. Mzee hakuanza na paa wala dohani. Aliinama, akaninyooshea fimbo kwenye mawe ya msingi.

"Unaona nini hapo?"

Niliona tundu la mstatili, refu kama kiganja, limezibwa kwa saruji. Hatua chache mbele kulikuwa na jingine, limezibwa pia. Alizunguka nami nyumba yote. Matundu yote ya upande wa juu wa mteremko yalikuwa yamezibwa. Ya upande wa chini mawili yalikuwa wazi, yana wavu wa chuma uliokula kutu.

"Hizi ndizo pua za nyumba," akasema. "Ndani sakafu ni mbao. Chini ya mbao ni uwazi, na chini ya uwazi ni udongo. Upepo unaingia huku unatokea kule, mbao zinakaa kavu. Mtu aliona panya wanaingia, akaleta saruji akaziba. Panya hakuja tena, lakini mbao zimeanza kuoza."

Tuliingia ndani kwa ruhusa ya mama mwenye nyumba. Sebuleni sakafu ilikuwa imara, mbao pana zilizong'aa kwa miaka mingi ya kupigwa deki. Kwenye kona ya upande wa mlimani, mzee alikanyaga kwa kisigino na mbao zikabonyea. Alipiga magoti, akachomeka ncha ya kisu. Kiliingia bila nguvu, kikatoka na unga mweusi. Kisha akasogea hatua mbili katikati ya chumba, akachomeka tena. Kisu kiligoma. Ni mbao zilezile, umri uleule, pengine mti mmoja. Tofauti yake ilikuwa hewa.

Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni. "Kwa hiyo baba, tukizibua panya watarudi?" Mzee akamwambia anunue wavu mpya, wenye matundu madogo, aufunge kwa misumari kwenye fremu ya mbao ili uweze kutolewa na kusafishwa. Akampimia ukubwa kwa vidole. Kazi ya nusu siku, akasema, na nyumba itamaliza miaka mingine ya mjukuu wake.

Nje alinionyesha kosa la pili, ambalo nimekuja kuliona baadaye karibu kila mahali nilipopita. Lipu ya chokaa ilipodondoka, watu walipiga lipu ya saruji juu yake. Saruji ni ngumu, haipitishi unyevu. Maji yanayopanda kutoka ardhini yanakosa pa kutokea, yanakaa ndani ya tofali, na tofali laini la zamani linaanza kumeguka kutoka nyuma. Ukigonga, ukuta unalia uwazi. Mzee alibandua kipande kwa vidole, kikaanguka kizima, nyuma yake kimebeba uso wa tofali. "Dawa ni chokaa," akasema. "Chokaa moja, mchanga tatu, na subira." Chokaa hupatikana Tanga, bei yake si ya kutisha. Mafundi vijana hawaitumii kwa sababu hawakufundishwa, na wenye nyumba hawaitaki kwa sababu inakauka polepole. Nyumba nyingi za Usambara zinauawa kwa nia njema.

Nilimuuliza mbao ni za mti gani. Akataja mkulo, mti mkubwa wa misitu hii, na mierezi ya Shume kwa zile nyumba zilizojengwa na wenye uwezo. Mierezi hiyo ina historia yake: mwanzoni mwa karne iliyopita kampuni ya Wilkins na Wiese ilijenga njia ya waya kutoka Shume, ikaning'iniza magogo juu ya mabonde, yakashuka mpaka Mkumbara kwenye reli. Ukisimama leo ukingoni mwa Shume ukatazama chini kwenye tambarare, unashangaa mtu aliwezaje kufikiria jambo kama lile. Kisha unakumbuka walioyakata na kuyabeba magogo hayo hadi kwenye waya.

Kwa sababu hilo nalo lazima lisemwe. Mwaka 1907 utawala wa wilaya ya Wilhelmsthal ulianzisha kadi za kazi. Kila mwanamume alitakiwa kufanya kazi siku 30 katika kila miezi minne kwa mlowezi wa Kizungu, kwa ujira uliopangwa. Asiyefanya hivyo aliburutwa kwenye kazi za serikali. Siku zile 30 ziliangukia pia misimu ya kulima na kuvuna. Mashamba ya walowezi, barabara, na nyumba zenye dohani nzuri viliinuka katika mpango huo. Sijaona nyumba hata moja yenye jina la mwashi wake. Nimeona tarehe, nimeona msalaba, nimeona herufi za mwenye mali. Jina la aliyeshika timazi, hapana.

Jioni ile, kwenye kibanda cha chai karibu na stendi, kijana wa bodaboda aliyekuwa akitusikiliza aliuliza swali ambalo lina haki ya kujibiwa. "Mwalimu," aliniita hivyo kwa sababu ya daftari langu, "hizi si nyumba za Mjerumani? Babu zetu waliteseka nazo. Kwa nini tuzitunze?"

Yule fundi alimjibu kabla yangu. "Mjerumani alikuja na karatasi. Nyumba aliijenga babu yako."

Mimi naongeza. Sikubaliani na wanaotaka nyumba hizi zitunzwe kwa uzuri wake tu, zipakwe rangi nyeupe, zipandiwe waridi, zisimuliwe kwa habari za chai ya saa kumi na baridi kama ya Ulaya. Hadithi hiyo ni nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo yetu. Lakini ukiivunja nyumba, umevunja na ushahidi. Tofali lile lilifinyangwa na mkono wa Mshambaa, likachomwa kwa kuni za hapa, likapangwa na mtu aliyekuwa na kadi ile ya kazi mfukoni. Mjukuu wake akipita pale aweze kugusa ukuta na kusema, hii ni kazi yetu, tena tulilipwa kidogo. Ikivunjwa, atabaki na sentensi moja kwenye kitabu cha shule, kama imo.

Kesho yake nilikwenda Migambo, ng'ambo ya msitu wa Magamba. Njia inapita katikati ya hifadhi. Mbega weusi kwa weupe walikuwa juu ya miti, hawana habari na pikipiki. Migambo ipo nyumba ya miaka ya 1930 ya familia ya walowezi wa Kijerumani, ya matofali, kati ya miti ya matunda, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikipokea wageni kwa jina la Müller's. Nilikunywa chai mbele ya meko. Moto ulikuwa unawaka mchana, na nilifahamu kwa nini: dohani inayotumika haijai majani, hairuhusu ndege kujenga, na inakausha kuta za chumba chake. Nyumba ya mlimani inatunzwa kwa kuwashwa. Waliokuwa wakihudumia pale walijua kila bawaba inayokwama na kila mahali bati linapovuja, maarifa ambayo hayapatikani kwenye kitabu chochote.

Irente nako, kwenye shamba la Kanisa la Kilutheri, wageni wanalala katika nyumba za zamani za shamba, wanakula jibini, mkate na jamu zinazotengenezwa palepale. Watu huenda Irente kutazama tambarare za Wamasai kutoka kwenye jabali. Waendao wageuke pia watazame paa nyuma yao. Kanisa halikuanza na mpango wa kuhifadhi majengo. Lilikuwa na kazi ya kufanya na nyumba zilikuwepo. Nimekuja kuamini kwamba ndivyo nyumba nyingi zinavyopona.

Mlalo ndiko nilikokaa zaidi, na ndiko ninakotaka msomaji afike hata kama mengine yote atayaacha.

Kutoka Lushoto ni kama kilomita 30 za vilima, makabichi na karoti pande zote. Wamisionari wa Bethel, Johanssen na Wohlrab, walifika hapo mwaka 1891, wakapaita Hohenfriedeberg. Mnara wa kanisa unaonekana kutoka mbali. Lakini kinachomsimamisha mtu Mlalo ni nyumba za watu wa kawaida: nyumba za ghorofa moja juu, kuta za tofali za udongo, na mbele yake roshani za mbao zilizochongwa. Zimepangana mteremkoni, paa la huyu likiwa usawa wa miguu ya yule. Nimezunguka Tanzania na sijaona kijiji kingine cha namna hiyo. Roshani zinakumbusha mwambao. Udongo ni wa papa hapa mlimani. Kabla yake Mshambaa alijenga msonge wa nyasi, na misonge hiyo ndiyo iliyokuwa Vuga, mji wa Wakilindi, watawala wa Usambara, wakati mfalme wao Kimweri ye Nyumbai alipompokea mmisionari Krapf mwaka 1848. Kutoka msonge hadi ghorofa ya udongo yenye roshani ni hatua kubwa ya fikra. Waliopiga hatua hiyo walikuwa wasanifu, ingawa hawakuwa na ofisi wala muhuri.

Mama mmoja mzee alikuwa ameketi kwenye roshani yake akichambua maharage. Nilimsalimu kutoka chini.

"Karibu, pita," akasema. "Panda taratibu, ngazi ya tatu imechoka."

Chini palikuwa ghala: viazi, majembe, baiskeli, harufu ya udongo mkavu. Juu vyumba viwili na roshani. Sakafu ya juu imeshikiliwa na magogo ya duara, yamepitishwa ukutani hadi nje, na ncha zake ndizo zinazobeba roshani. Kwa maneno mengine, gogo moja linafanya kazi mbili. Niliweka mkono kwenye ukuta ukingoni mwa dirisha. Unene wake ulinifika kwenye kiwiko. Usiku wa Juni, mama akasema, humo ndani si baridi. Nguzo za ukingo wa roshani zilikuwa zimechongwa kwa shoka na tezo, kila moja ikiwa na shingo na kichwa, hakuna mbili zilizofanana kabisa.

"Nani alizichonga, mama?"

Alinitajia baba wa mumewe, jina la baba huyo, na mahali alipozikwa. Nililiandika kwenye daftari mbele yake, akaniangalia nikiliandika, akanisahihisha herufi moja. Jina hilo ni la familia, sitaliweka hapa.

Watoto wake wako Dar es Salaam. Wanamtaka avunje, wamjengee ya matofali ya saruji na bati la rangi, nyumba ya chini asipande ngazi. Sikuwa na haki ya kumwambia akatae. Goti lake linauma, na paa lake linavuja juu ya kitanda. Anayetaka nyumba hiyo ibaki aanze na bati hilo na ngazi ile ya tatu. Kumpigia mama wa watu hotuba ya urithi wakati mvua inamnyeshea kitandani ni kumkosea adabu. Tulipiga hesabu pamoja: mabati manane upande unaovuja, kofia mpya ya paa, misumari, na siku mbili za fundi. Ni pungufu mno ya gharama ya msingi tu wa nyumba mpya. Alifikiri. "Nitawapigia simu," akasema, "waje waione kwanza. Hawajalala humu tangu utoto."

Wapo watakaosema nyumba ya udongo ya Mlalo haina jina la msanifu, basi haina uzito. Nawapeleka Moshi. Ernst May, Mjerumani aliyesimamia ujenzi wa maelfu ya nyumba za kisasa Frankfurt kuanzia 1925, alikimbilia kwetu mwaka 1934, akalima karibu na Arusha, kisha akafungua ofisi Nairobi. Ndiye aliyechora jengo la ushirika wa wakulima wa kahawa, KNCU, katikati ya mji wa Moshi, lililomalizika mapema miaka ya 1950: maduka, ofisi, vyumba vya wageni, mahali pa mikutano, vyote chini ya paa moja, kwa fedha za wakulima wenyewe. Makumbusho ya Uganda jijini Kampala ni kazi yake pia. Wanafunzi wa usanifu Ulaya wanalijua jina hilo tangu mwaka wa kwanza. Simama Moshi mbele ya jengo lile uwaulize wapita njia kumi nani alilichora. Nimefanya hivyo, na nililojibiwa ni bei ya kahawa. Kumbe jina kubwa peke yake haliokoi jengo. Linaokolewa na wanaolijua kwa karibu, wakalisimulia, wakaendelea kulitumia.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na Usambara daftari hilo halijaanza. Gharama yake ni ndogo. Chuo Kikuu Ardhi kina wanafunzi wa usanifu majengo ambao kila mwaka wanatafuta jengo la kupima na kuchora. Nyumba za Mlalo na za barabara ya Magamba zinawatosha kwa miaka. Wakija, wachore na matundu ya msingi, waandike na uwiano wa chokaa na mchanga, wakae na mafundi wazee wawaulize majina. Mafundi hao hawatakuwepo muda mrefu. VETA, mamlaka ya ufundi stadi, nayo ina nafasi ya kuwafundisha vijana wa Lushoto lipu ya chokaa, fani ambayo itawapa kazi katika kila nyumba kongwe kuanzia hapa hadi Pangani na Bagamoyo.

Na wenye nyumba wapewe sababu ya kuzitunza. Wageni wanaopanda Usambara kutembea kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae wanalala njiani. Ghorofa ya juu ya nyumba ya Mlalo, yenye godoro safi, chandarua na chai ya asubuhi kwenye roshani, itamlipa mama bati lake kwa msimu mmoja wa kiangazi. Fedha ziishie mkononi mwake, na hadithi aisimulie yeye.

Kwa Halmashauri ya Wilaya ya Lushoto nina ombi moja. Mwaka 1863 uliomo katika sheria hautabadilika kesho, lakini sheria hiyohiyo inampa Waziri uwezo wa kulitangaza jengo lolote linalostahili. Waziri hawezi kutangaza asichopelekewa. Chagueni nyumba kumi, za Lushoto, Soni na Mlalo, ziwemo za mawe zenye dohani na za udongo zenye roshani. Andikeni zilipo, nani anaishi humo, na nani alizijenga. Pelekeni orodha hiyo Dodoma mwaka huu.